Simu ya leo, ushauri wa betri ya juzi

Mama mdogo alinunua simu mpya mwezi uliopita katika duka moja la Kariakoo, akaifikisha nyumbani ikiwa ndani ya boksi lake, akaiweka juu ya kabati bila kuiwasha. Muuzaji alikuwa amemwagiza aichaji kwa saa nane mfululizo ikiwa imezimwa, kisha aitumie mpaka chaji iishe kabisa, na arudie hivyo mara tatu, la sivyo betri ingezoea vibaya na isingedumu. Umeme ulikatika jioni ile, ukarudi usiku wa manane, ukakatika tena kabla ya alfajiri, na kila ulipokatika yeye alianza kuhesabu saa zake nane upya. Simu ilikaa juu ya kabati siku mbili nzima, huku akiazima ya mwanawe ili apokee fedha za wateja wake wa vitenge. Nilipomwambia kwamba angeweza kuiwasha palepale dukani na kuitumia njia nzima hadi nyumbani, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, yule anauza simu kila siku ya Mungu. Nimwache yeye nikusikilize wewe?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko yeye alivyokusudia, kwa sababu ni swali la haki. Mtu asiye fundi hana namna ya kuifungua betri na kuihoji. Analazimika kumwamini mtu fulani, na ni busara kumwamini anayeishika bidhaa hiyo kila siku. Tena muuzaji yule hakutunga uongo. Alichokisema kilikuwa kweli, ila kilikuwa kweli ya betri nyingine, ambayo haimo tena ndani ya simu mpya zinazouzwa leo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza mabishano yetu kuhusu vifaa, yale ya sebuleni, ya vijiweni na ya ndani ya daladala, na nimeona kwamba mengi yana asili hiyo hiyo: kauli ilizaliwa na kifaa fulani, kifaa kikafa, kauli ikaendelea kuishi kwa jirani yake.

Betri ya nikeli na kadimiamu ilibuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ndiyo iliyoendesha vifaa vingi vidogo vya kuchajiwa, zikiwemo simu za mkononi za mwanzo. Chaja zake za kawaida zilipitisha mkondo mdogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, kwa hiyo kuijaza kulichukua saa kumi na nne au zaidi. Betri iliyokaa ghalani miezi mingi ilikuwa imepoteza chaji yake pole pole, na ilihitaji kujazwa na kumalizwa mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye uwezo wake. Juu ya hayo ilikuwa na kasoro iliyoitwa kumbukumbu: ilipotumiwa kidogo na kujazwa tena, mara nyingi na kwa kiwango kilekile, volti yake ilianza kushuka ilipofika palepale ilipozoea kuachiwa, kana kwamba imeisahau chaji iliyobaki. Tabia hiyo ilijulikana kutokana na setilaiti, ambazo katika kila mzunguko hutumia betri kwa kiasi kilekile zinapopita kivulini mwa dunia, na kuijaza zinaporudi juani. Mrithi wake, betri ya nikeli na haidraidi ya metali, alikuwa na tabia hiyo kwa kiwango kidogo zaidi, na Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilianza kuuzwa ikiwa na betri ya aina hiyo. Aliyenunua simu yake ya kwanza miaka ile, akaambiwa aichaji kwa muda mrefu na aimalize chaji yote, alifundishwa vizuri.

Lakini tangu mwaka 1991 Sony ilikuwa imeshaingiza sokoni betri ya ioni za lithiamu, ambayo utafiti uliotangulia kuizaa baadaye uliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani, ilikuja na betri ya lithiamu, na kwa watu wengi sana wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo simu waliyoanza nayo. Kemia ilikuwa imebadilika mikononi mwetu na hakuna aliyetutangazia. Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya kuogopwa, na hutoka kiwandani ikiwa na chaji ya kutosha kuanza kazi mara moja. Chaja ya ukutani hutoa umeme tu. Mwenye uamuzi ni sakiti iliyo ndani ya simu, ambayo hupunguza mkondo kadiri seli inavyokaribia kujaa, kwa kawaida kwenye volti 4.2 au zaidi kidogo, kisha huukata. Kwa hiyo hofu kwamba simu iliyoachwa kwenye umeme usiku kucha "inajaa kupita kiasi" inaisingizia betri ya leo kosa lisilo lake.

Kinachoizeesha betri hii ni joto, kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni, na kushushwa mara kwa mara hadi sifuri. Ukiyatazama mambo hayo matatu utaona kwamba ushauri wa kumaliza chaji yote, uliokuwa dawa ya betri ya nikeli, ni sumu ndogo kwa betri ya lithiamu. Utaona pia kwamba anayekataza kuchaji usiku ana chembe ya haki, ingawa sababu anayoitoa si yenyewe: simu iliyojaa saa saba za usiku ikabaki hivyo chini ya mto wa kulalia hadi alfajiri inapata joto pamoja na volti ya juu kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu Apple, kuanzia mfumo wake wa iOS 13 wa mwaka 2019, iliiwezesha simu kusubiri kwenye asilimia 80 na kumalizia kujaza karibu na saa ambayo mwenyewe huamka, na watengenezaji wengine wa simu wana mpangilio unaofanana na huo.

Hapa nina jambo ambalo wapenda teknolojia wenzangu hawalisemi vya kutosha. Ushauri mzuri wa kuishi kati ya asilimia 20 na 80 unamfaa mtu mwenye soketi karibu na kitanda chake. Nimekaa vijijini ambako simu hupelekwa kwenye kibanda cha kuchajia, ikaachwa hapo tangu asubuhi hadi jioni pamoja na nyingine ishirini, kila moja ikiwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na ada hulipwa kwa simu bila kujali imejazwa nusu au yote. Mwenye simu ile anaitumia mpaka izime kwa sababu safari ya kibandani ni ya mbali na fedha ni yake, naye hana ujinga wowote katika hilo. Betri yake itachoka mapema kuliko ya aliye mjini, na huo ni ukosefu wa umeme, tusiufanye kuwa ukosefu wa elimu. Anachostahili kuambiwa ni lile linalomsaidia kweli, kwamba simu isiachwe juu ya bati au juani ikichaji, kwa maana joto litaila betri zaidi ya ile sifuri anayoifikia.

Kuna kipimo kimoja ambacho kingemaliza mabishano mengi kama kingeeleweka, nacho ni mzunguko wa kuchaji. Watu wengi hudhani kila unapochomeka waya umetumia mzunguko mmoja, ndiyo maana wanaogopa kuchaji kidogo kidogo. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika, hata kama zimetumika leo nusu na kesho nusu. Umoja wa Ulaya uliweka sharti, lililoanza kutumika Juni 2025, kwamba simu inayouzwa huko lazima betri yake ivumilie angalau mizunguko 800 ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Nalipenda sharti hilo kwa sababu linamtaka mtengenezaji aseme kwa namba, na namba hiyo mnunuzi wa Ilala au Mombasa anaweza kuiuliza vilevile.

Sasa nije kwenye kauli ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiipinga kwa nguvu zote, kwamba kampuni huzipunguza mwendo simu za zamani ili watu wanunue mpya. Niliiona kuwa hadithi ya watu wasioridhika. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiufundi, na naiona ya kweli: betri iliyozeeka hushindwa kutoa nguvu ya ghafla ambayo prosesa, yaani ubongo wa simu, huidai, na simu huzima yenyewe ikiwa bado inaonyesha asilimia 30, kwa hiyo kupunguza kasi kulizuia kuzima. Hata hivyo mtu wa kawaida aliyesema "simu yangu wameipunguza mwendo" alikuwa ameona sawasawa, na sisi tuliomkejeli tulikuwa tumekosea. Kosa lake lilikuwa katika nia aliyoidhania tu. Na kosa la kampuni lilikuwa kubwa, maana mtu ambaye angetumia dola chache kubadilisha betri alinyimwa taarifa ya kumwezesha kuamua hivyo, akanunua simu nyingine.

Tangu hapo nimejiwekea sharti la kutodharau lalamiko la mtumiaji kwa sababu tu maelezo yake ya chanzo ni mabovu. Hofu ya simu kulipuka ni mfano mwingine wa kuheshimiwa. Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Japani Matsushita, ambazo baadhi zingeweza kupata joto la hatari wakati wa kuchajiwa. Na mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni Galaxy Note 7 zote baada ya kadhaa kuwaka moto kutokana na kasoro za betri. Mambo hayo yalitokea. Ninachokipinga ni hofu hiyo kuelekezwa kusiko, mtu akaogopa kuchaji usiku lakini akaendelea kuitumia betri iliyovimba hadi kuinua kifuniko cha nyuma, au akaibana irudi chini kwa utepe wa gundi ili ifunge. Betri iliyovimba imejaa gesi kwa sababu kemikali zake zimeanza kuharibika. Haitobolewi, haikandamizwi wala haichajiwi tena. Huondolewa na fundi na kubadilishwa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu BL-5C za kuigiza bado ziko ndani ya redio ndogo nyingi za majumbani mwetu.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, nitasema machache, ingawa ndizo zinazouza simu nyingi kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Kauli kwamba kamera yenye megapikseli nyingi ni bora ilikuwa kweli wakati kamera za simu zilikuwa na megapikseli 0.3, kwa sababu picha ile haikuweza hata kujaza skrini ya kompyuta. Televisheni ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani megapikseli mbili tu na ushei. Ya 4K ina kama nane. Ukishavuka hapo, kinachotawala ubora wa picha ya harusi ya usiku ni ukubwa wa kihisi kinachopokea mwanga, lenzi iliyo mbele yake na programu inayoichakata picha. Apple ilikaa na megapikseli 12 katika kamera kuu za simu zake tangu iPhone 6s ya mwaka 2015 hadi ilipotoa iPhone 14 Pro mwaka 2022, na simu hizo hazikuhesabiwa miongoni mwa zenye picha mbovu. Simu nyingi zinazotangazwa kwa megapikseli 48 huunganisha nukta nne nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12, na hufanya vyema kufanya hivyo, kwa kuwa nukta nne zikishirikiana hukusanya mwanga zaidi gizani. Anayetaka kujua kamera ya simu apige picha ya uso wa mtu ndani ya duka, mbali na mlango, na aitazame.

Hadi hapa dai langu kuhusu kauli zilizozeeka linasimama. Gemu ndizo zilizonifanya nilirekebishe.

Sisi tuliokua na gemu za kaseti, zile mashine zilizoiga Famicom, mashine ya gemu ya kampuni ya Japani Nintendo, zilizouzwa pamoja na pedi mbili na waya wa kuchomeka kwenye televisheni, tulijua dawa moja ya picha kuganda au skrini kuwa ya kijivu: unaichomoa kaseti, unaipuliza kwa nguvu upande wa meno yake ya shaba, unairudisha. Ilifanya kazi. Mtoto wa Dar es Salaam alifanya hivyo na mtoto wa Chicago alifanya hivyo bila kufundishana, na kila mmoja ana ushahidi wa mamia ya mara. Nintendo yenyewe iliwaonya watu wasipulize, kwa sababu unyevu wa pumzi hutia kutu kwenye meno yale. Kilichokuwa kikiponya ni kule kuichomoa na kuirudisha, ambako kuliyasugua meno dhidi ya kiunganishi na kuyapa nafasi ya kugusana upya. Mashine ya Nintendo iliyouzwa Marekani tangu mwaka 1985 ilikuwa na udhaifu zaidi hapo, kwani kaseti iliingizwa kwa mlango wa mbele na kusukumwa chini kama kanda ya video, na vibanio vya kiunganishi vikalegea kwa kutumika.

Kauli hii haikuwahi kuwa kweli kwa kifaa chochote, wala haikurithiwa. Ilizaliwa upya katika kila nyumba, kwa sababu kitendo kisicho na faida kilifungamanishwa daima na kitendo chenye faida. Hakuna kati yetu aliyewahi kuichomoa kaseti na kuirudisha bila kuipuliza ili aone. Nilipolitambua hilo nilielewa pia kwa nini watu wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hufunga programu zote za simu kila baada ya dakika kumi wakiamini wanaokoa chaji. Mifumo ya Android na iOS huzigandisha programu zilizo nyuma na kuzifuta yenyewe nafasi ya kumbukumbu inapohitajika. Kuzifunga kwa mkono huilazimisha simu kuzianzisha tangu mwanzo, kazi ambayo hugharimu umeme zaidi. Lakini anayezifunga mara nyingi huiweka simu mfukoni papo hapo, skrini ikazimika, na chaji ikadumu. Sifa yote anapewa kidole, skrini haipewi kitu.

Aina ya tatu ya kauli ndiyo inayonipa kazi kubwa zaidi, yaani hadithi iliyosukwa vizuri. Wapenzi wa gemu ya Civilization ya mbunifu Sid Meier, iliyotoka mwaka 1991, wamesimuliana kwa miaka kwamba Gandhi wa gemu ile aligeuka kuwa mpiga mabomu ya nyuklia kwa sababu ya kosa la hesabu. Inasemekana ukali wake uliwekwa kuwa 1. Nchi yake ilipoingia katika demokrasia ukapunguzwa kwa 2. Na kwa kuwa namba ile ilihifadhiwa katika nafasi isiyoweza kushuka chini ya sifuri, ikazunguka hadi 255, ukali usio na kifani. Niliwahi kulitumia simulizi hili kumfundishia kijana mmoja jinsi kompyuta inavyohifadhi namba. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2020 Sid Meier alieleza kwamba kosa hilo halikuwahi kuwamo katika gemu ile. Kanuni ya hesabu ni ya kweli, kompyuta hufanya hivyo hasa, na ndiyo maana hadithi ilipenya hata kwa watu wanaojua programu: ilieleza jambo sahihi kwa tukio ambalo halikutokea. Kijana yule nilimtafuta nikamwambia.

Hadithi nyingine yenye sura hiyo hiyo ilikuja kuthibitika. Ilisemwa kwamba Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, baada ya kuuza vibaya gemu ya E.T. iliyoandaliwa kwa takriban wiki tano mwaka 1982, ilifukia shehena ya kaseti jangwani New Mexico. Wengi waliiona kuwa porojo. Tarehe 26 Aprili 2014 jaa la zamani la Alamogordo lilifukuliwa mbele ya watazamaji, na kaseti zikatoka ardhini, za E.T. pamoja na za gemu nyingine. Hadithi hizi mbili ukiziweka bega kwa bega huwezi kujua kwa kuzisikiliza tu ipi ni ya kweli, na mtu anayejivunia kwamba anautambua uongo kwa masikio yake ninamwomba azitafakari.

Nayasema haya yote kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye wakati wa likizo ya shule aliniita nimsaidie kuamua kama aiuze mashine ya gemu ya mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Mjomba amesikia, na kuamini, kwamba gemu za kupigana huzaa vijana wauaji. Hofu hiyo ina historia yake. Mwaka 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu gemu kama Mortal Kombat, iliyotoka mwaka uliotangulia ikiwa na damu nyingi, na matokeo yake yalikuwa mfumo wa kuzipanga gemu kwa umri ulioanzishwa mwaka 1994. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilibatilisha sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu za ukatili. Mwaka 2019 Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichapisha utafiti uliohusisha vijana 1,004 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15 pamoja na walezi wao, ambao ulipima ukatili wa gemu kwa viwango rasmi vya umri badala ya kutegemea maneno ya kijana, na haukuona uhusiano kati ya kucheza gemu hizo na tabia ya ukali. Mwaka 2020 Jumuiya ya Wanasaikolojia ya Marekani ilisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuzihusisha gemu hizo na vitendo vya kikatili, ingawa ilishikilia kwamba upo uhusiano mdogo na ukali wa kawaida kama vile kufoka na kusukumana. Japani na Korea Kusini hucheza gemu kwa wingi, na mauaji ya bunduki huko ni machache mno.

Nilimweleza Mjomba hayo yote kwa heshima, na sikumficha lile la kufoka na kusukumana, kwa sababu wenzangu wengi wanaotetea gemu huliruka. Nilimweleza pia kwamba Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kucheza gemu katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, na kwamba dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuiweka gemu mbele ya mambo mengine ya maisha na kuendelea licha ya madhara, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi kumi na miwili au zaidi. Kisha nilimwomba tukae na kijana, atuonyeshe anachocheza. Mjomba hakuwa amewahi kuketi mbele ya mashine ile hata mara moja.

Kijana alikuwa anacheza mpira. Hakuna aliyepigwa wala damu iliyomwagika. Palikuwa na uwanja, timu mbili na kelele za mashabiki. Lakini kila baada ya mechi skrini ilimletea kifurushi kilichofungwa, chenye wachezaji wasiojulikana mpaka ukinunue, kikifunguka kwa mwanga na muziki, na mara nyingi ndani mlikuwa na wachezaji ambao tayari alikuwa nao. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba bidhaa za namna hiyo katika baadhi ya gemu ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Nilimuuliza kijana analipaje. Alikaa kimya kwanza, akamtazama mama yake, kisha akasema anatumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti ya fedha ya simu ya baba yake, na namba ya siri aliiona siku baba alipokuwa akilipia umeme.

Mjomba alifungua taarifa za malipo za miezi mitatu, akazisoma mstari kwa mstari bila kuinua macho. Hakupandisha sauti. Alimwita mwanawe akae karibu naye, akamwomba amweleze kila malipo yalinunua nini, na wakaanza na la kwanza.